Anaongoza watalii Karibi, mwenyewe haruhusiwi kupita kilomita tano

Saa kumi na moja alfajiri, Mount Druitt, magharibi mwa Sydney. Nje kuna baridi ya kuuma masikio, na helikopta ya polisi inazunguka juu ya mapaa kama imedondosha kitu. Ndani, Atupele Mwaisaka amejifunga kanga juu ya suruali ya kulalia, soksi mbili kila mguu, kofia ya sufu kichwani. Anavaa vipokea sauti vya masikioni, anakohoa kidogo, kisha anasema kwa Kiingereza kilichopigwa pasi:

"Habari za mchana! Karibu kisiwani. Jua leo ni la kupendeza."

La kupendeza kwa nani, yeye hajui. Kisiwa chenyewe ni Antigua, kule bahari ya Karibi, na hajawahi kukikanyaga. Kule ni saa tisa mchana. Tena ni saa tisa ya jana.

"Hapo ndipo watu wanaponiona chizi," anasema mama huyu wa miaka arobaini na sita, mzaliwa wa Tukuyu. "Hapa Ijumaa, kule bado Alhamisi. Nikimwambia mteja 'kesho', inabidi kwanza nijiulize, kesho ya nani?"

Kazi yake ni kupokea simu za watalii wanaoshuka melini kwa matembezi mafupi ya saa tatu: basi linawazungusha, wanaona ngome ya zamani na kilima cha kupigia picha, kisha wanamwagwa ufukweni wakaloweke miguu. Halafu wanarudishwa melini. Anayetaka kujua choo kiko wapi, anampigia Atupele. Anayeumwa na mbu, anampigia Atupele. Aliyegombana na mkewe juu ya mwavuli, naye anampigia Atupele.

Ukutani amebandika saa tatu. Moja ya Sydney, moja ya kisiwani, moja ya Tukuyu kwa mama yake. Zote tatu zinatembea vizuri. Anayechanganyikiwa ni mwenye saa.

Kabla ya korona alikuwa akisafisha vyumba vya hoteli katikati ya jiji, vyumba kumi na vinne kwa siku, kwa miaka sita. Mwaka 2020 wageni wakakauka, hoteli ikafungwa, na Atupele akabaki na aproni tatu safi zisizo na kazi. Mkenya mmoja aitwaye Gitonga, msimamizi wa ofisi ndogo inayopokea simu kwa niaba ya makampuni ya nje, alimsikia akiongoza kwaya kanisani kwa njia ya kompyuta. Akaipenda sauti. Akampa kazi ya saa tano kwa siku, dola ishirini na sita kwa saa, afanyie nyumbani.

"Aliniuliza kama naijua Karibi," Atupele anakumbuka. "Nikamwambia ndiyo, naijua. Si nilishaiona kwenye ramani?"

Na kweli sasa anaijua, lakini ameijua kwa lawama. Anajua kwamba ufukwe ule una choo chenye mlango wa buluu, kwa sababu kuna mama alifungiwa ndani yake. Anajua kuna mawe yenye utelezi upande wa kushoto, kwa sababu kuna kiuno kilichotegukia pale. Anajua lori la kukusanya viti hupita jioni, kwa sababu kuna bwana mmoja lilimkuta amelala na likataka kuondoka na kiti pamoja naye.

Wakati huohuo, huku kwake, serikali imewafungia. Tangu Delta iingie, watu wa eneo lake hawaruhusiwi kwenda zaidi ya kilomita tano kutoka mlangoni. Bahari iko mbali zaidi ya mara kumi ya hapo.

"Nauza ufukwe," anasema, "na mimi mwisho wangu ni duka la mikate."

*

Asubuhi asiyoisahau ni ya Alhamisi, tarehe ishirini na sita Agosti. Kule, bila shaka, ilikuwa Jumatano.

Simu ilikoroma saa kumi na moja na dakika tano. Alikuwa mzee wa Kikanada aitwaye Desmond, mwenye sauti ya kuomba radhi hata kabla hajakosa. Alikuwa ufukweni na mkewe, Bi Pearl. Jua limewachoma, maji yamekwisha, na miguu ya Bi Pearl imevimba. Je, gari lao la saa kumi jioni haliwezi kuja mapema kidogo?

Atupele akafungua orodha. Hakukuwa na gari la saa kumi jioni. Basi la kundi lao liliwachukua watu saa nne asubuhi na kuwarudisha melini. Kule ilikuwa saa tisa na dakika tano mchana, na meli ilitaka kila abiria awe ndani saa kumi na nusu.

"Nikajisemea, mzee wa watu huyu kapigwa na jua," anasema. "Nikaanza kumweleza polepole, kama unavyomweleza mtoto. Baba, basi limeshaondoka. Limeondoka tangu asubuhi."

Mzee hakubishana. Alisema basi aliliona. Dereva aliwaita, yeye akamwonyesha ujumbe kwenye simu, dereva akausoma akasema, basi sawa, ofisi imewapangia gari jingine. Kisha mzee akamsomea Atupele ujumbe wenyewe, neno kwa neno. Ulikuwa na jina la Atupele chini yake. Ulisema watachukuliwa ufukweni saa nne. Kwa namba. Nne.

Hapo Atupele akalifungua daftari lake la kazi.

Msomaji wa Tanga au Mbeya hana shida na saa nne asubuhi. Lakini kwa wazungu saa hiyo huandikwa kumi, na wao wakiona nne, ni ile ya jioni, tunayoiita saa kumi. Atupele huandika kila kitu kwanza kwa Kiswahili kwenye daftari la shule, halafu ndipo anapokigeuza Kiingereza kwenye kompyuta. Siku ya kuandika ujumbe ule, mama yake alipiga kutoka Tukuyu katikati ya kazi kutaka kujua anatoka saa ngapi. "Saa nne, mama," alimjibu, na vidole vikaandika kile mdomo ulichosema.

"Karibu saa sita wamekaa juani kwa ajili ya daftari langu," anasema. Anataka kucheka, lakini kicheko hakiji.

*

Usidhani ni kitu cha kuita teksi tu. Msimu huu wa korona, abiria wa meli akipanda gari lisilo na kibali cha bandari, hapokelewi tena. Magari yote yenye kibali yalikuwa mbali, na kutoka ufukweni hadi bandarini ni mwendo wa dakika thelathini na tano.

Atupele alipiga huku, akapiga kule. Hakuna. Kisha akakumbuka yule bwana aliyelala kwenye kiti. Lori! Lori la viti ni la kampuni, lina kibali kwenye kioo, na dereva wake, mama mmoja aitwaye Ionie, ameshachanjwa.

Ionie alikuwa ufukwe mwingine akipakia. Akasema atafika kule mwisho kabisa, saa kumi na robo, kwa sababu ndivyo ratiba ilivyo.

"Anza na kule," Atupele akamwomba.

"Na viti vya hapa?"

"Mama, viti havina meli ya kupanda."

Ionie akacheka mpaka simu ikakwaruza. Akageuza lori.

Bi Pearl alikaa mbele. Mzee Desmond alipanda nyuma, akafunguliwa kiti cha ufukweni, akakaa kama chifu, mkono mmoja umeshika kamba na mwingine umeshika simu. Atupele alibaki masikioni mwake njia nzima, akimhesabia kona asizoziona. Kanisa la mawe. Duka lenye ndizi mlangoni. Kilima. Ukishuka kilima, utaiona meli.

"Naiona," mzee akasema. "Kubwa kama mtaa."

Getini ilikuwa saa kumi na dakika kumi na tisa. Mlinzi akawasimamisha. Hili si gari la viti?

"Na huyo si kakalia kiti?" Ionie akamjibu.

Mlinzi akawapima joto. Mzee, aliyechomwa na jua tangu asubuhi, akakifanya kipimo kilie. Homa! Mwenye homa haingii melini. Mlinzi akampa dakika tano za kivulini, kisha apimwe tena.

Huku Mount Druitt mlango ukafunguliwa, akaingia Candide, Mrundi anayepanga naye nyumba, akitoka kazini kwenye nyumba ya kutunzia wazee kule Quakers Hill. Akamkuta mwenzake kavua kofia, anajipepea kwa daftari, kwenye baridi ile.

"Weye Atupele, uko mugonjwa?"

"Si mimi! Ni mzee! Ana joto!"

"Mzee gani? Iko wapi?"

"Antigua!"

Candide akatazama chumba chote, hata nyuma ya pazia. Kisha akakaa. Mtu wa kulea wazee akaelewa jambo moja tu, akalisema: "Umuambie aweke maji kwa shingo, na asisemesheke. Mzee akiogopa, joto inapandaka."

Ionie akammwagia mzee chupa ya maji shingoni. Wanawake wawili wakakaa Sydney bila kupumua, wakisikiliza kimya cha mtu aliyekaa kwenye kiti upande wa pili wa dunia. Kipimo kikawekwa tena. Hakikulia.

Waliingia melini saa kumi na dakika ishirini na nane.

*

Hapo angeweza kunywa chai na kusahau. Gitonga alipiga kabla birika halijachemka.

"Sasa Atu, hiyo ni mambo ndogo, usijisumbue. Kwa ripoti andika tu huyo mzee alichanganyikiwa. Ni mzee. Nani atauliza?"

"Lakini hakuchanganyikiwa."

"Kwani wewe ni pasta? Ukiandika ni wewe, mimi nitalazimika kukupatia barua. Na barua ya pili unajua ni ya nini."

Ya kwanza alishaipata Juni, kwa kuchelewa kuwasha kompyuta. Ya pili huwa ni ya kwaheri. Atupele aliandika sentensi ile ya Gitonga, akaitazama. Hakuituma.

Saa tatu asubuhi, ya huku Sydney, ukaja ujumbe kutoka melini, wa Bi Pearl. Haukuwa na matusi, wala haukudai kitu. Ulisema mumewe hajala. Ulisema binti yao amekuwa akimwambia tangu mwaka jana kwamba akili inaanza kumtoka, asisafiri tena, asiendeshe tena gari. Sasa mzee amekaa kitandani na kuuliza jambo moja: je, ule ujumbe aliusoma vibaya? Maana simu yake imeharibika kwa maji na hawezi kuusoma tena. Tafadhali mwambieni ukweli, hata kama kosa ni lake.

Atupele akamsomea Candide.

"Kwetu kazini," Candide akasema, akivua viatu taratibu, "mzee ukimuambia kila siku amesahau, anaishaka kusahau kweli. Nimeona wengi. Wanakuja wanatembea, wanaambiwa, wanaambiwa, halafu wanakaa."

Atupele akafuta sentensi ya Gitonga. Akaandika ripoti upya, na nakala akamtumia Bi Pearl: *Kosa ni langu. Kwetu saa huanza kuhesabiwa jua linapochomoza, na niliwaandikia saa ya kwetu. Mzee alisoma sawasawa. Leo yeye peke yake ndiye aliyekuwa na akili.*

Kisha akazima kompyuta, akaanza kukunja zile aproni tatu za hotelini. Alijua atazihitaji.

Barua ya pili haijafika. Gitonga anasema bado anaitafutia maneno. Wiki ya pili sasa anayatafuta. Badala yake, waajiriwa wote wametumiwa agizo kwamba kila saa iandikwe na neno asubuhi au jioni mbele yake. "Kampuni nzima imesahihishwa na mtu wa Tukuyu," Atupele anasema, na safari hii kicheko kinakuja.

Mzee Desmond alijibu siku tatu baadaye. Amemchapishia binti yake ule ujumbe wa 'kosa ni langu' na kumbandikia jikoni. Anaendesha gari. Na ameuliza swali: baada ya yeye kukaa saa sita kwenye ufukwe wa Atupele, Atupele mwenyewe ataenda lini?

*

Ataenda. Serikali inaahidi kwamba Oktoba, waliochanjwa wataachiwa wapite zile kilomita tano, na Atupele amekwishaandaa matembezi yake mwenyewe: treni kutoka Mount Druitt, kuliona daraja kubwa dakika ishirini na si zaidi, kisha basi hadi ufukweni, saa mbili za kuloweka miguu. Wanawake sita wameshajiandikisha. Hakuna hata mmoja anayejua kuogelea. Mzee Desmond ameahidi kukaa karibu na simu huko Kanada, awaelekeze wakipotea. Kwao itakuwa Jumamosi asubuhi, kwake bado Ijumaa jioni.

Tangazo limebandikwa kwenye jokofu: *Tukutane stesheni saa mbili asubuhi.*

Candide alilisoma akiwa na kikombe mkononi. Akalisoma tena.

"Saa mbili ya wapi?"

Atupele alichukua kalamu. Akaikata ile saa, asubuhi na kila kitu, akaandika juu yake: *Usitoke nyumbani. Nitakuja kukugongea mwenyewe.*