Meli Imefika, Kaka Hajafika

Mwaka ule wa korona, kaka yangu alikuwa mpishi katika meli ya mizigo. Kwetu ni Gatitu, karibu na Nyeri, na mama hajawahi kuiona bahari. Mkataba wa kaka ulikuwa umekwisha, nasi tukimngoja nyumbani. Kisha akapiga simu: wametia nanga nje ya bandari ya ugenini, na hawaruhusiwi kushuka.

"Kwani unaumwa?" mama akamuuliza.

"Hapana, Mama. Hakuna mgonjwa humu."

"Sasa mnangoja nini?"

"Hata nahodha hajui. Wanasema ni karantini."

Neno hilo mama alilijua. Marehemu baba alikuwa akinunua ng'ombe katika soko la Doldol, na soko lilipofungwa kwa karantini, ng'ombe walionekana wakitokwa mate na kuchechemea. Mama alinigeukia. "Hawa wamefungiwa ugonjwa gani?" Nilianza kumweleza, nikagundua sielewi ninachosema. Mizigo yao ilikuwa imeshushwa, watu wakabaki.

Meli ikaenda bandari nyingine, wakakataliwa tena. Siku moja kaka alituonyesha mji kwa video: maghorofa, na magari yakipita barabarani. "Wanaenda kazini," alisema. "Naona hata rangi za magari." Simu ilipokatika, mama aliniuliza taratibu kama ninamficha jambo, kama mwanawe yuko jela. Nilikataa, lakini hata mimi nilikuwa nimeanza kujiuliza.

Hatimaye waliruhusiwa kushuka, na kaka akarudi wakati wa baridi, ukungu ukiwa umetanda hadi mlangoni. Mama alitoka mbio kumpokea. Kaka akarudi nyuma, akaingiza begi lake katika jiko la nje.

"Nitalala huku kwanza."

"Hukupimwa?"

"Nilipimwa. Sina kitu."

"Basi ingia nyumbani."

"Sijui, Mama. Niacheni kidogo."

Mama akawa anamwekea chakula kwenye kigoda. Kaka alingoja aondoke ndipo afungue mlango. Sikujua kama alikuwa akituogopa au akituogopea, na nadhani yeye pia hakujua. Halafu asubuhi moja tukamkuta mezani, anakunywa chai. Mama alimwongezea maziwa.

Siku hizi anapika katika hoteli moja mjini Nyeri. Wenzake wa melini humpigia kumwambia kuna nafasi ya kazi. Yeye huwajibu kwamba atafikiria, kisha huirudisha simu mfukoni na kuendelea kukata vitunguu.