Kiboko wa Bwawani na Watoto wa Watu

Saa nne asubuhi jua limeshakuwa kali, na mwanamume mmoja amesimama katikati ya bwawa, maji kiunoni, akikoroma kama kiboko.

Anamkoromea mtoto wa miezi kumi aliyekalishwa juu ya jani la yungiyungi. Jani lenyewe ni pana kuliko meza ya kulia, na kingo zake zimejikunja kwa juu kama za sinia. Mtoto, aliyekuwa ameshaanza kukunja uso, anaghairi kulia na kutumbua macho. Mama yake anapiga picha, watu wanacheka. Mwanamume anambeba mtoto, anamrudisha ukingoni na kumnyooshea mikono anayefuata.

"Wananiita Kiboko," anasema kutoka ndani ya suruali ya mpira inayomfika kifuani. "Mwanzoni nilichukia. Siku hizi ukiniita jina langu la nyumbani, huenda nisigeuke."

Kila kiangazi bustani hii ya mimea hufungua maonyesho ya wiki sita. Kuna banda la vipepeo, kuna meza ambako watoto huchapa majani kwa rangi, kuna mashindano ya kuotesha mbegu kwenye makopo. Lakini foleni ndefu ni ya bwawani. Jani likiwekewa ubao mwembamba uliofunikwa kitambaa, humbeba mtoto mchanga bila kuzama. Kazi ya Kiboko ni kumweka, kukaa naye karibu, na kumwondoa kabla hajabadili mawazo.

Anaifanya kwa wepesi. Ukimtazama, huwezi kudhani kwamba kwa misimu miwili alikuwa hakanyagi hapa.

Yeye na mkewe, fundi cherehani, walikaa miaka tisa bila mtoto. Walipompata binti, mtaa mzima ulijua. Alipofikisha miezi minane, mama yake alimleta bustanini, na wafanyakazi wakasimamisha foleni ili mtoto wa Kiboko apande jani.

"Wengine huogopa," anakumbuka. "Wangu aliinama akang'ata ukingo wa jani. Nikasema, huyu atanimalizia bustani."

Anacheka, kisha kicheko kinamkatikia mdomoni.

Kiangazi kilichofuata mtoto alianza kukohoa. Alipewa dawa, akapata nafuu. Siku chache baadaye pumzi zikambana ghafla. Mama alimkimbiza hospitali huku akipiga simu njia nzima. Simu ya Kiboko ilikuwa kwenye kabati la nguo, kwa kuwa majini haingii. Alipotoka kwenda kula ndipo alipoiona, na jina la mkewe limejaa kwenye kioo. Alifika wodini miguu peku, shati limemlowa. Homa ya mapafu ilikuwa imeshamchukua mtoto.

"Mke wangu alikuwa kwenye benchi, shali ya mtoto mapajani. Hakuwa analia. Akaniambia, 'Nakupigia simu, wewe umebeba watoto wa watu.'"

Anajifuta maji usoni. "Hakunitukana. Afadhali angenitukana."

Baada ya mazishi, majirani waliozoea kuwaita baba na mama kwa jina la mtoto walibaki hawajui wawaiteje. Nyumbani mazungumzo yakawa ya chumvi imekwisha, mlango umefungwa. Kiboko akaomba ahamishwe. Akapelekwa nyuma kabisa ya bustani, kwenye malundo ya mbolea, ambako mgeni hafiki.

Mwaka huu mwenzake aliyeshika nafasi yake bwawani alihama mji. Msimamizi wa bustani, mama mtu mzima, akamfuata mwenyewe huko kwenye mbolea. "Sikulazimishi, kaka," alimwambia. "Lakini sina mwingine ninayeweza kumkabidhi mtoto wa mtu."

Jioni alimweleza mkewe. Mke alikuwa anapiga pasi, hakuinua kichwa. "Nenda," akasema. Kiboko hakujua kama ameruhusiwa au amefukuzwa.

Siku ya ufunguzi, wa kwanza kuletwa alikuwa mtoto wa kike mwenye mashavu ya kujaa. Kiboko akampokea, kisha akamrudisha kwa mama yake. "Samahani, mama, jani hili bado changa," alidanganya. Akanawa uso kwa maji yale yale ya bwawa, kisha akampokea aliyefuata.

Wiki ya pili aliinua macho akamwona mkewe kwenye foleni. Amekata tiketi kama mgeni yeyote.

"Mtoto yuko wapi, dada?" mkagua tiketi akamuuliza zamu yake ilipofika.

"Sina." Akamgeukia mumewe. "Alikaa wapi?"

Kiboko akaonyesha. "Pale. Lakini jani si lile. Haya huoza, yakatoka mengine."

Mkewe akapatazama kwa muda mrefu. Nyuma yake palikuwa na mama wa mapacha, mkoba unamteleza, mtoto mmoja anapiga mayowe. Fundi cherehani akageuka. "Nipe huyo." Akampokea, akapiga magoti ukingoni, akamkabidhi mumewe. Mikono yao ikagusana chini ya mgongo wa mtoto.

"Mshike vizuri," akamwambia.

Akampitisha na pacha wa pili, kisha akaondoka bila kuaga. Usiku, akipakua chakula, akasema tu, "Yule wa pili mzito."

"Nikatoka uani nikalia," anasema Kiboko. "Tangu msiba sikuwa nimelia."

Mambo bado hayajatengemaa. Chakula bado huliwa kimya, na mkewe hajarudi bwawani. Mwandishi alipobisha nyumbani kwao, alijibiwa mlango ukiwa nusu wazi: "Muulizeni yeye. Mimi bado."

Tangu mazishi, kaburini hawajawahi kwenda pamoja. "Nikifika nakuta pamefagiliwa, najua kapita," anasema. "Naye akienda anakuta nimemwagilia maua." Kibao cha mbao kimeanza kufutika, na Kiboko anataka kukiondoa aweke jiwe.

Maonyesho yanafungwa wiki ijayo.

"Nimemwambia siku ya kuweka jiwe twende wote wawili."

Amekubali?

Ukingoni mama mmoja anamnyooshea mtoto wa kiume aliyesinzia. Kiboko anampokea taratibu asije akamwamsha.

"Hajasema ndiyo," anasema kwa sauti ya chini. "Ameniuliza tutaondoka saa ngapi."