Nusu Saa ya Kimya

Ilikuwa saa tisa na dakika kumi alasiri askari mmoja alipoingia bila kubisha hodi, kofia kwapani. Studio yangu ilikuwa chumba kimoja mjini Malindi, nyuma ya duka la fundi cherehani, kuta nimezibandika trei za mayai kuzuia mwangwi. Kabla ya kuifungua nilikuwa nikiwapigia watalii gita la kubembeleza katika hoteli moja Watamu, hadi mgeni mmoja aliponiachia kanda ya panki, muziki wa Kizungu wa kelele na hasira. Niliisikiliza mpaka vidole vikaijua, nikaunda bendi ya watu watatu. Wimbo wetu wa kwanza ulilalamikia ukuta wa hoteli uliowafungia watu wa kijiji cha Bofa njia ya kwenda pwani. Miaka ile ya themanini watu walitiwa ndani kwa maneno machache kuliko hayo.

"Ule wimbo wenu wa matusi," akasema. "Uweke."

Nikauweka. Chumba kilikuwa tanuri.

"Huyu anasema nini?"

"Anapiga kelele, afande."

"Hilo nasikia. Mashine ya kusaga posho ina mdundo kuliko hii. Punguza gita nimsikie."

"Haiwezekani, afande. Maikrofoni ilikuwa moja, vyote viliingia pamoja. Gita likipungua, na yeye anapungua."

Akazungusha kila swichi mwenyewe, akachoka. "Basi futa, nikiona."

Kanda haifutiki kwa mara moja. Nikachomoa maikrofoni, nikabonyeza kitufe cha kurekodi, tukakaa nusu saa nzima mashine ikiandika kimya juu ya upande mzima wa kanda. Yeye alikalia katoni. Ndani yake mlikuwa na nakala ishirini za wimbo ule ule, tayari kwa kuuzwa. Kila alipojiweka sawa, plastiki ziligongana.

"Humu mna nini?"

"Kanda tupu, afande."

"Vyema. Ijumaa namwoza mpwa wangu. Njoo na mashine uirekodi harusi, na hizi tupu zote. Kila shangazi atataka yake."

Nilizifuta moja moja, nikazisikiliza zote mwanzo hadi mwisho. Hata hivyo, harusini, nilipowachezea nilichorekodi, kila vigelegele vilipotulia nilingoja gita litokeze chini yake mbele ya watu. Halikutokeza. Mashangazi waligawana kanda, nami nikalipwa sahani ya pilau. Kila moja ningeliiuza shilingi thelathini. Hasara yangu ilikuwa shilingi mia sita.