Kwenda Dodoma na Kurudi Jioni

Nyumba yangu leo inanukia hiliki na samli. Tangu asubuhi nimeweka moto chini na moto juu, napika vileja, na harufu imeshaingia kwenye mapazia, kwenye nywele zangu, na nadhani hata kwa jirani wa juu, maana ameshateremka kuniuliza hali, mtu ambaye wiki nzima hakunijulia hali.

Kwa asiyevijua, vileja ni vibiskuti vya unga wa mchele, vinavyomumunyika mdomoni kabla hujavitafuna. Ukivitia kwenye kopo ukalifunga vizuri, vinakaa mwezi na zaidi. Utotoni mwangu, nyumbani kwetu Kiponda, Unguja, vilipikwa Idi, na vilipikwa kwa msafiri wa mbali: anayekwenda Hija, anayekwenda kusoma ng'ambo. Anayekwenda matembezi ya siku moja, aondoke asubuhi na jioni arudi, alipikiwa pilau. Hiyo ilikuwa sheria ya Bibi yangu, Bi Mboja, mama yake baba, na aliyetaka kujua watu wa nyumba ile wanakwenda wapi hakuwa na haja ya kuuliza. Akipita uchochoroni ananusa tu.

Leo napika kwa ajili ya binti yangu Salma. Ameitwa kazi Dodoma, kwenye ule mji wa serikali ambao bado unajengwa, na kabla hajawajibu anataka akautazame. "Siku moja tu, Mama," aliniambia. "Boti ya asubuhi, treni ya umeme, nautazama, usiku nsharudi." Nilicheka mpaka akanuna. Hakujua kwamba safari hiyo hiyo, ya kwenda Dodoma na kurudi, ilishapangwa katika ukoo wetu zamani, na aliyeipanga hakuwahi kuvuka bahari.

Nilikuwa bado mdogo, nimeanza chuo cha Kurani, nimo katika juzuu ya Amma. Baba yangu, Suleiman, alikuwa seremala wa milango. Serikali ilipoamua makao makuu yahamie Dodoma, mafundi wakatakiwa huko, naye akaenda. Bibi hakuufahamu mji huo hata kidogo. Aliuliza una bahari, akaambiwa hauna. Akauliza sasa samaki wanapata wapi, akaambiwa wanakula nyama. Akasema kwamba kama mji wenyewe ndiyo kwanza unajengwa, basi wanaojenga wangemwachia mwanawe, kwani milango huwekwa mwisho.

Baba alikuwa mwanawe wa pekee. Alipoondoka tulibaki wanawake watatu, nikijihesabu na mimi: Bibi, Mama na mie. Mama na mavyaa yake walipendana, lakini kwa lile pendo la watu wanaogombania jiko moja. Kila mmoja alichelea kumkosea mwenzake, na kwa hiyo hawakuambiana jambo waziwazi. Idi moja ikapita Baba hayupo, ikapita ya pili. Mama akaanza kukonda. Akifua kanzu ya Baba iliyobaki kabatini, kanzu safi isiyovaliwa na mtu, akiianika na kuipiga pasi na kuirudisha kabatini. Mimi nilidhani kanzu huchafuka zenyewe.

Hatimaye alijikaza akamwomba Bibi ruhusa tumfuate Baba. Nilikuwepo. Bibi alikuwa anakuna nazi, na aliendelea kukuna mpaka kifuu kikaanza kutoa weusi. Mama aliichukua nazi ile yenye weusi, akaikamua tui akapikia mchuzi, tukala.

Basi fikirini tulivyoshangaa, wiki chache baadaye, Bibi alipotia chai kikombeni akasema kama anayezungumzia kwenda sokoni:

"Rukia, mchukue mtoto mkamtazame mwenzenu huko Dodoma. Mwende asubuhi, jioni mrudi."

Mama akaweka kikombe chini. "Jioni, Mama?"

"Jioni. Mkishamwona, mnakaa mnafanya nini?"

Nyinyi mnaoishi bara msimcheke. Bibi alizaliwa kisiwani. Kwake safari ndefu ilikuwa Nungwi, ncha ya kaskazini ya kisiwa, na Nungwi mtu alikwenda, akala, akalala kidogo kivulini, na Magharibi ikamkuta mlangoni kwake. Matemwe vivyo hivyo. Hakuna mahali alipowahi kwenda akashindwa kurudi kabla ya kuwasha taa. Ndivyo tulivyoamini sote, kwamba kwa Bibi dunia nzima ilikuwa na upana wa Unguja.

Mzee Haji, jirani aliyewahi kuwa mpishi melini, alijaribu kumweleza. Alikaa barazani kwetu akachora ukutani kwa kidole: hapa bahari, hapa Dar es Salaam, hapa reli, inakwenda, inakwenda. "Bi Mboja, Dodoma si Nungwi."

"Haji, wewe ulikuwa mzito wa kutembea tangu ujana wako," Bibi alimjibu, na akamtilia kahawa ili anyamaze.

Mama hakubisha. Alijibu naam kwa kila neno, na ndiyo nikaona wiki ya ajabu kuliko zote za utoto wangu. Mchana, mbele ya Bibi, tulipanga matembezi: mkeka gani wa kukalia, chupa gani ya chai, nyama ya pilau inunuliwe kwa nani. Bibi akitaka pilau iwe ya nyama ili Baba aone hajasahauliwa, na mimi nikiiota hiyo pilau kuliko nilivyomuota Baba, Mungu anisamehe. Lakini Bibi akiingia kusali, Mama alikuwa akichomeka vitu chini kabisa ndani ya kikapu cha safari: nguo zangu zote, kanzu ya kabatini, sufuria ndogo, khanga ambazo alikuwa hajazivaa tangu arusi yake. Alifanya haraka, na kila mara alikifunika kwa mkeka.

Alasiri moja alisahau kukifunika. Bibi alikuwa amekaa kitandani anatafuna tambuu, na mimi nikainama kikapuni nikaiona juzuu yangu.

"Mama, juzuu yangu ya nini? Si tunarudi jioni?"

Mama aligeuka rangi. Nakumbuka mkono wake umesimama hewani na sindano, kwani alikuwa anashona. Bibi alikitazama kikapu, akatazama jinsi kilivyovimba, akarudi akamtazama Mama. Kisha akatema tambuu taratibu.

"Mtoto asiache kusoma, hata njiani," alisema. "Mama yako kafanya vyema."

Akanyanyuka akatoka. Mama alikaa pale pale mpaka adhana.

Kesho yake ilikuwa siku ya kutayarisha pilau. Mama alikuwa uani anachambua mchele kwenye ungo. Uso wake haukuwa na furaha. Nadhani alikwishakata tamaa, anangoja kuambiwa safari haipo. Bibi akaja, akauchukua ungo mikononi mwake bila kusema, akaumimina mchele wote ndani ya beseni la maji.

Mie nilipiga kelele. Mchele wa pilau haurowekwi hivyo, hilo nalijua hata mimi. Unaorowekwa hivyo ni mchele wa kutwangwa unga wa vileja.

"Pilau itachacha njiani," Bibi alisema.

Mama akauliza kwa sauti ndogo, "Njia ya siku moja, Mama?"

"Nipe kinu, Rukia. Maneno baadaye."

Walitwanga pamoja, mchi kwa mchi, kama watu wa arusi, na nilikuwa sijawahi kuwaona hivyo. Mama alikuwa akilia waziwazi na kusema unga umemwingia machoni. Bibi akasema ndiyo, unga wa mwaka huu mbaya, na yeye akajipangusa kwa upindo wa khanga. Vileja vilipikwa mchana kutwa. Vilijaa kopo kubwa la biskuti, lile ambalo Bibi alikuwa hamwazimi mtu. Mimi nilinuna pembeni, nikidai pilau yangu, na walinipa vilivyoungua ninyamaze.

Asubuhi ya safari Bibi hakuja bandarini. Alisimama mlangoni, mlango aliouchonga Baba, akanibusu utosini, akampa Mama mkono, Mama akaubusu asiuachie.

"Haya, msichelewe," Bibi alisema. "Jioni nakungojeni."

Jioni ile tulikuwa Dar es Salaam kwa ndugu, na mimi nauliza mbona haturudi, Bibi anatungoja. Mama alinifungulia kopo. Tulipofika Dodoma hatimaye, kwa treni, tumejaa vumbi jekundu mpaka kwenye kope, Baba alikuwa stesheni ananukia mbao. Mji wenyewe ulikuwa misingi na nondo na upepo. Lakini chumba alichotupeleka kilikuwa na jiko, kilikuwa na mlango mpya wenye komeo, na mtaa wa pili palikuwa na mwalimu wa chuo. Vile vileja tulivila kimoja kimoja, kila siku baada ya chakula, mpaka harufu tu ikabaki kwenye kopo. Mama hakulitia kitu kingine.

Tulirudi Unguja Idi iliyofuata. Nilitangulia mbio uchochoroni, na kabla sijafika mlangoni niliinusa: bizari nzima, mdalasini, vitunguu vilivyokaangwa. Bibi alikuwa amesimama pale pale tulipomwacha.

"Mmechelewa," alisema. "Pilau ishapoa."

Alipofunua sufuria mvuke ulimpanda usoni mpaka akafumba macho.

Miaka mingi nilisimulia kisa hiki kwa kuwachekesha watu, Bibi aliyedhani Dodoma ni kama Nungwi. Baba aliniacha nicheke mpaka Bibi alipofariki. Baada ya hitima, tumekaa wawili barazani, ndipo aliponiambia. Zamani zile, kabla ya safari yetu, fundi mwenzake alikuwa amekuja Unguja kwenye mazishi ya ndugu yake, akapita kumsalimia Bibi, na Bibi akamhoji sana: boti inachukua muda gani, treni inalala wapi, huko baridi ipo. Fundi alirudi Dodoma na salamu moja kwa Baba. Atafute chumba chenye jiko, mlango wake ufungike vizuri, na aulize chuo kiko wapi. Salamu hiyo ilimfika Baba kabla Bibi hajatamka neno la kwenda na kurudi.

Mama aliificha safari ndani ya kikapu, kumbe safari yenyewe alipewa. Bibi aliweza kutupa chumba, chuo na kopo lake, lakini kwa ulimi wake hakuweza kumwambia mkwewe aende asirudi, abaki peke yake na mlango ule. Aliloweza kulitamka ni jioni. Mie nimelielewa hilo leo hii tu, nikiwa nimeshika simu, Salma ananisomea saa za treni na mimi nashindwa kumwambia nenda ukakae huko.

Nimemwambia aende asubuhi, jioni arudi. Vileja vinapoa mezani, ameshanicheka kwamba vinatosha kulisha treni nzima. Mchele wa pilau nimeuweka juu kabatini, wa siku atakayorudi.