Kombe Lililokuja Bila Kishada

Mtaa mzima ulimwita Mwalimu, ingawa hakuwahi kushika chaki. Mchana alikuwa fundi viatu, kainama kibandani na sindano na gundi. Jioni alikuwa kocha wa timu ya mtaa. Na timu yenyewe, watu walisema, ilikuwa mtu mmoja: mwanawe wa pekee, winga wa kulia, mwepesi hata wakambandika jina la Kishada.

"Mwalimu, wewe kazi huna," kinyozi jirani alimtania. "Ukiwa na Kishada, hata mke wangu anabeba kombe!"

"Mkeo ana akili. Wewe ndiye ningekuweka benchi."

Watu wakaangua kicheko. Lakini mke wa Mwalimu alimwona siku hiyo akiisukuma sahani kando, akajua utani umemchoma.

Wiki ya fainali, mama alimwona mwana akishuka ngazi kwa ubavu, mkono ukutani.

"Goti hilo?"

"Limekaza tu, mama. Baba asijue."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Alikwenda moja kwa moja kibandani. Mumewe alikuwa ameshika kiatu cha kulia cha Kishada, anakigeuzageuza. Soli ilikuwa imelika upande wa nje tu. Fundi viatu hahitaji kuambiwa: anayekanyaga hivyo anaukwepa mguu unaomuuma.

"Baba Kishada, mpumzishe mtoto."

"Nicheze na nani? Na wale wengine, miguu ya mbao?"

"Si umewafundisha wewe?"

Mwalimu alichukua kisu. Alikata kipande cha raba, akakibandika pale palipolika, akagonga nyundo mpaka kiatu kikasimama sawa.

Siku ya fainali Kishada alianguka kipindi cha kwanza, hakuna aliyemgusa. Mechi wakapoteza. Hospitalini, daktari alisema kano zimekatika. Kutembea atatembea, kwa fimbo, ila mpira asahau.

"Mwalimu kwisha habari yake," kinyozi alisema, safari hii bila kucheka.

Lakini Mwalimu hakuacha timu. Alibaki na wale miguu ya mbao, akiwemo Kipara, beki aliyekosa hata mpira uliosimama, akawafundisha pasi fupi, kuzibiana mapengo, kukimbia hata pasipo mpira. Walichoka, wakanuna, wakarudi. Msimu uliofuata waliingia fainali tena.

Jioni ya fainali hiyo mama alikuwa nyumbani na mwanawe, wanamenya viazi, vigelegele vikaja vikisogea. Mwalimu aliuacha umati nje, akaingia peke yake na kombe kwapani.

"Hongera, baba! Nani kafunga?"

"Kipara."

"Kipara huyu huyu? Kwa mguu gani?"

"Wa kushoto."

Kishada akacheka kwa moyo wote, viazi vikamdondoka. Baba yake hakucheka. Aliliweka kombe sakafuni, akakaa karibu nalo kama mtu aliyeishiwa nguvu njiani.

"Kumbe walikuwa wanaweza," alisema. "Hata mwaka ule wangeweza, mwanangu. Sikuwajaribu."

Kicheko kikakatika. Mama alingoja mwana aseme lolote, hata tusi. Kishada alishika fimbo yake, akainuka polepole, akatoka kuwapa wenzake mkono. Nje wakalipuka kwa kuliita jina lake.

Mwaka mzima mama alikuwa amemtunzia mumewe lawama, akingoja siku ya kuitoa. Sasa alimtazama pale sakafuni, akaona amejilaumu mpaka hakuna kilichobaki cha kumwongezea. Akaketi kando yake, akaendelea kumenya viazi.