Chapa za Meno Ndani ya Ndoo ya Klorini

Mpaka leo nikisikia harufu ya klorini hasira hunipanda. Miaka ya tisini nilikuwa fundi meno katika kliniki moja ndogo pale Ifakara. Nilitengeneza meno ya bandia: mgonjwa anang'ata unga uliokorogwa na maji, unaganda na kushika umbo la fizi zake, tunautoa na kumimina plasta ndani yake. Umbo hilo tuliliita chapa. Chapa ikipinda, na meno yanapinda.

Daktari wetu aliogopa magonjwa, na hapo simlaumu. Miaka ile kila mtu aliogopa mate na damu. Ninachomlaumu ni ujuaji. Kipindupindu kilipoingia mjini alibandika ukutani kipimo cha klorini cha kuoshea ndoo na makopo, kisha akaamuru chapa nazo zilowekwe humo humo kutwa nzima. Nilimwambia ule unga unakunywa maji na kuvimba. Akaniuliza nani daktari hapa.

Akaja mama mmoja wa Mchombe, mkulima wa mpunga, hana jino hata moja la juu. Alikuwa akisoma masomo kanisani, akaacha kwa sababu watoto walicheka matamshi yake. Tukamtengenezea meno. Yakamcheza mdomoni na kumchuna. Alirudi mara mbili, na mara zote mbili daktari, bila hata kuinuka kitini, aliniagiza nikamwambie kwamba fizi zake ndizo zimekaa vibaya, avumilie tu atazoea.

Masika mto Lumemo ulifurika, wagonjwa wakawa wachache, nikaamua kubishana kwa vitendo. Nilikuwa na taya la plasta na bamba la plastiki lililolikaa sawasawa. Nikachukua chapa nne za taya hilo. Moja nikaisuuza kwa maji tu, ya pili nikaiweka kwenye klorini dakika kumi, ya tatu kwenye spiriti, ya nne kwenye klorini kutwa nzima, kama ukuta ulivyotaka. Nikamimina plasta, ikakauka, nikajaribu lile bamba. Kwenye mbili za kwanza lilitulia. Kwenye ile ya spiriti lilikwama upande. Kwenye ile ya kutwa nzima liliyumba kama kigoda chenye mguu mfupi. Maji matupu hayaui vijidudu, kwa hiyo jibu lilikuwa moja tu.

Daktari alilibonyeza bamba kwa kidole, kisha akaandika kwenye karatasi ya ukutani: dakika kumi. Nikamuuliza, na yule mama je? Akasema huyo ameshazoea, mbona harudi tena. Nilitamani kumrushia lile taya.

Barabara ilipopitika nilidandia lori hadi Mchombe na vifaa vyangu kwenye mfuko. Nikamkuta mama nyumbani kwake, nikamwamkia, nikamwambia kosa lilikuwa letu, nimekuja kuchukua chapa upya. Aliingia ndani akatoka na meno yake yamefungwa kwenye kitambaa. Kingo zote zilikuwa zimekwanguliwa, zimebaki nyembamba, na michirizi ya tupa ya kunolea jembe ilionekana wazi.

"Nilikuwa nayapunguza kidogo kidogo, mwanangu," akasema. "Si uliniambia fizi zangu ndizo mbaya?"

Aliyeyatunga maneno yale ni daktari. Lakini yeye hakuwahi kumwambia neno. Niliyemwambia ni mimi, kwa upole, nimemshika mkono, huku nikijua si kweli.