Binti Mwenye Tope Begani

Baba alipoanza kusahau kama amekula, mimi nilikuwa naandika riwaya. Riwaya ya mapenzi, ya enzi zile watu wanahamishiwa vijijini, nami nilikuwa nimekwama kabisa. Vumbi ninalo, malori ninayo, ng'ombe ninao, mapenzi sina. Basi nikarudi nyumbani Ikungi, nikamkalisha baba uani, nikawasha simu irekodi, nikamwambia, "Baba, nisimulie ujana wako."

Akanisimulia. Mvua zilikuwa zimepiga, paa la nyumba moja ya tembe kule Ihanja linavuja. Paa la tembe ni udongo, likivuja unapanda juu unakandika, kwa hiyo yeye na vijana wenzake wakaenda kusaidia. Binti mmoja mwenye gauni la kijani alikuwa anawapandishia udongo kwa karai, amenuna, hasemi na mtu. Bonge la tope likaponyoka mkononi mwa baba, likamwangukia yule binti begani.

"Akanitazama hivi!" baba akasema, akatoa macho. Mzee ambaye asubuhi alipotea njia ya chooni akacheka kama mvulana, kisha akamgeukia mama. "Unakumbuka, mama watoto?"

Mama alikuwa anapeta uwele. Ungo ukasimama.

"Siyo mimi huyo," akasema. "Kwetu tulikuwa na bati."

Weee! Damu ilinichemka. Mwanamke mwingine! Nilisikia kabisa riwaya yangu inapata pumzi. Tangu siku hiyo sikumwacha baba apumue. Kila akimaliza chai namwashia simu, naye kila siku anarudi juu ya lile paa, kila siku anauliza, "Unakumbuka, mama watoto?" na kila siku anajibiwa, "Siyo mimi." Mama akawa anamwekea uji mezani kwa kishindo. Akahamishia kazi zake nyuma ya jiko. Siku moja baba akaanza kulia. "Mbona unanikatalia?" akamwuliza. Mama akabeba ungo wake, akaondoka.

Nikamfuata jikoni, na mdomo wangu huu usio na breki nikamwambia, "Mama, mambo ya zamani hayo. Wivu wa nini tena?"

Aligeuka na mwiko mkononi, nikarudi nyuma.

"Namwogesha mimi. Namlisha mimi. Usiku akijikojolea naamka mimi. Na anayemkumbuka ni huyo! Kila ukiwasha hilo lidude lako unamwingiza ndani ya nyumba yangu. Haya, nenda Ihanja kamtafute, umlete aje amwogeshe yeye!"

Nikaenda kweli, maana ubishi nimeurithi kwake. Mama mdogo, mdogo wake wa kuzaliwa, bado anaishi Ihanja. Nilimkuta anachambua vitunguu.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba, mwanangu. Wazee hawajambo?"

Nikamweleza yote, nikamwuliza kama anamjua huyo binti. Alicheka mpaka akaweka kisu chini.

"Gauni la kijani? Langu hilo! Mama yako alilivaa bila kuniuliza, akalirudisha lina tope begani. Nililia siku nzima."

"Lakini mama anasema kwenu mlikuwa na bati."

"Bati tulitoa wapi? Babu yako aliuza ng'ombe wa mahari ya mama yako, ndiyo akaezeka. Kabla ya hapo tulikuwa kwenye tembe kama watu wote. Bati mama yako amelikuta akija kutusalimia, tayari mke wa mtu."

"Sasa mbona hakumbuki?"

"Akumbuke nini? Vijana wamejaa juu ya paa, yeye amelazimishwa kubeba udongo, ana hasira zake. Angejua huyo ndiye atakayemwoa, si angemtazama vizuri?"

Nilirudi mbio. Nilimkuta mama anakoleza moto, nikamwambia vile vile nilivyoambiwa, bila kuongeza chumvi, jambo ambalo kwangu ni gumu. Akaziacha kuni. Kisha akaupeleka mkono wa kulia begani kwake.

"Lilikuwa la baridi," akasema taratibu. "Lile tope."

Sijui kama alikumbuka, au alikumbuka kwa sababu nimemwambia. Sikuthubutu kuuliza. Alinawa uso, akabadilisha kanga, akaenda uani nami nyuma yake. Simu niliiacha jikoni. Moyo ulinidunda kana kwamba ni mimi ninayekwenda kuposwa.

Alikaa karibu na baba, magoti yakagusana. "Baba watoto," akasema, "nakumbuka. Yule binti ni mimi."

Baba alimtazama. Akajikongoja, akainuka nusu kwenye kiti, kwa heshima zote.

"Shikamoo, mama," akasema.

Nilitaka kupiga kelele. Mama akaninyanyulia mkono, ninyamaze.

"Marahaba," akaitikia. "Kaa, kijana. Nasikia kuna binti ulimwona mkiziba paa."

Uso wa baba ukachangamka. Akaanza upya: mvua, udongo, karai, gauni la kijani. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, machozi yanamdondokea kwenye kanga, hakuyafuta wala hakumkatiza.

"Unamfahamu?" baba akamwuliza.

"Namfahamu."

Baba akatazama huku na huku, akamsogelea sikioni. "Ukimwona, mwambie lile tope halikuniponyoka. Nilimtupia makusudi, ili anitazame."

"Nitamwambia," mama akasema.